Onja, Tema, Piga Mswaki

"Hayajaoza," daktari wa meno alisema. "Yameliwa."

Bi Tema akanyanyuka kwenye kile kiti cha kulalia, kitambaa cha karatasi kikimning'inia kifuani. "Yameliwa na nani? Meno ni ya kula, daktari, si ya kuliwa!"

Wala hakuwa anatania. Bi Tema hakuwa na akiba ya utani siku hiyo. Wiki ya tatu sasa maji ya kunywa yalikuwa yakimchoma mdomoni kama yana sindano, na hata upepo wa asubuhi ukimpiga kwenye meno ya mbele alilazimika kufunga mdomo, jambo ambalo wenzake kazini walisema halijawahi kuonekana. Alikuja akitegemea kuambiwa kuna tundu moja gegoni, lizibwe, arudi zake kazini kabla ya saa sita. Tena alikuja na majibu yake tayari: peremende hali, sigara havuti, na kama kuna mtu anayepiga mswaki mji mzima kumshinda yeye, basi mtu huyo aletwe aonekane.

"Mama, unapiga mara ngapi kwa siku?" daktari aliuliza. Alikuwa msichana mdogo, wa kumzaa kabisa, lakini mikono yake haikutetemeka, wala maneno yake.

"Mara nane. Siku ya kazi nyingi, kumi." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayengoja makofi.

"Na unapiga wakati gani?"

"Papo hapo. Nikishatema tu. Ndiyo kanuni ya kazi yetu."

Daktari hakupiga makofi. Aliweka kile kioo chake kidogo kwenye sinia, akavua barakoa, akavuta kiti karibu. "Nieleze hiyo kazi," alisema.

Basi akaelezwa. Bi Tema alikuwa muonjaji mkuu katika kiwanda cha maji ya matunda, tena yale makali: ndimu, pasheni, ukwaju, nanasi bichi. Tangi likijaa, kabla halijafunguliwa kwenda kwenye chupa, yeye huletewa kikombe. Huvuta funda, hulizungusha mdomoni, hulipitisha juu ya ulimi na chini yake, hutema kwenye sinki, kisha hutoa hukumu: kali mno, bado, zito, tayari. Neno lake moja hufungua bomba, na neno lake moja hulifunga. Vikombe arobaini kwa siku, miaka kumi na mmoja. Jina lake la kuzaliwa kiwandani walishalisahau. Na ili ladha ya kikombe cha kwanza isimwharibie cha pili, kila baada ya vikombe vichache hupiga mswaki, kwa nguvu, mpaka povu.

"Miaka kumi na mmoja," daktari alirudia polepole. Akamshikisha kioo kikubwa. "Tazama ncha za meno ya mbele."

Bi Tema akatazama. Meno aliyokuwa akiyaona kila asubuhi kwa haraka haraka, sasa aliyaona kwa kituo. Ncha zilikuwa nyembamba, zinapitisha mwanga. Karibu na fizi palikuwa na umanjano. Magego, pale juu ambapo zamani palikuwa na vilima na mabonde, palikuwa laini na pamebonyea. Yalifanana na kipande cha sabuni kinapokaribia kuisha.

"Jino lina ganda la nje," daktari alisema. "Tunaliita enameli. Ni gumu kuliko mfupa. Lakini ukali wa ndimu hulilainisha. Ukishatema, ganda limelainika, na mate yako mwenyewe ndiyo hulirudishia ugumu, taratibu, nusu saa, hata saa nzima. Wewe hungoji hata dakika. Unachukua brashi unalisugua lingali laini. Kila siku unaondoa kidogo sana, huwezi kukiona, kinakwenda na maji."

"Kwa hiyo mswaki ndio umeniua?"

"Mswaki hauna kosa. Kosa ni wakati wake."

"Na litaota tena?"

"Kucha huota, nywele huota. Hili likienda limekwenda. Tunachoweza ni kulinda lililobaki." Akamhesabia masharti: akitema tu, asukutue kwa maji matupu. Mswaki asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala, wenye nywele laini, na dawa yenye floridi. Baada ya kitu kikali angoje walau nusu saa, akiweza saa nzima. Funda asilizungushe mdomoni kama anasuuza ndoo. Na nyumbani, akitaka kunywa kitu kichachu, atumie mrija na asikinywe kidogo kidogo kutwa nzima.

Bi Tema alikuwa ameacha kusikiliza tangu kwenye maji matupu. Kuna jambo lilimjia. "Daktari, na aliyeanza miezi minne iliyopita naye je?"

Daktari akakunja uso. "Wa miezi minne ameshaota meno?"

"Wa miezi minne kazini! Binti yangu! Ana miaka ishirini na miwili, tunaonja meza moja!"

"Mlete," daktari alisema. "Meno yake bado yanaweza kuokolewa. Lakini leo hii, kabla hata hujamleta, mwambie aache huo mswaki."

Bi Tema alitoka pale na kitambaa cha karatasi kikiwa bado kifuani, akakigundua barabarani, akakinyofoa akakitupa. Watu walimpisha. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye masikio, na kwa kuwa hasira haitaki kutembea peke yake, aliitafutia mtu wa kumshukia. Hakupata tabu. Nani aliyebandika lile bango jekundu juu ya sinki, lenye herufi za kusomeka hata na kipofu, ONJA. TEMA. PIGA MSWAKI. ONJA TENA? Nani anayepita kila Jumatatu kuhakikisha miswaki imelowa? Msimamizi wa ubora. Huyo huyo. Leo atampa vidonge vyake na atavimeza bila maji.

Msimamizi wa ubora wafanyakazi walimwita Bwana Utaratibu, kwa kuwa hajawahi kufungua mdomo bila neno hilo kutoka. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na ukuta mmoja ulikuwa wa kioo ili aone chupa zote zinavyopita chini kwenye mkanda. Alikuwa akinoa penseli.

"Utaratibu ni kubisha hodi," alisema bila kuinua kichwa.

"Bango litoke."

"Bango lipi?"

Bi Tema hakumung'unya maneno. Alimmwagia yote: ganda, ndimu, nusu saa, mate, sabuni inayoisha. Akafunua mdomo akamwonyesha, akamwambia asogee atazame vizuri, asitazame kama anayetazama shimo la choo. Bwana Utaratibu alitazama mara moja akarudi kwenye penseli yake.

"Pole sana," alisema. "Lakini mama, na umri nao. Kila mtu huzeeka na meno yake."

"Umri? Mama yangu ana miaka themanini na anatafuna muwa!"

"Wakaguzi wanakuja mwezi huu. Lile bango wanalipenda, mwaka jana walilipiga picha. Usafi wa hali ya juu, walisema. Kulitoa kuna utaratibu wake. Kamati ikikaa, robo ijayo, nitaliingiza kwenye ajenda."

"Kamati yenu ina meno mangapi?"

"Kwa sasa pigeni mswaki polepole."

Ebo! Polepole! Mtu anaunguliwa na nyumba, unamwambia afunge mlango polepole. Bi Tema alipiga kofi mezani mpaka vumbi la penseli likaruka. "Nyinyi mmekaa huku juu mmetuandikia sheria ya kutula meno, halafu unaniambia polepole? Nani aliyeitunga? Nitajie jina lake! Leo nataka nimwone kwa macho yangu!"

Hapo Bwana Utaratibu akaweka penseli chini. Akavuta droo, akapekua faili la kijani, akatoa karatasi moja iliyoanza kugeuka rangi. Alikuwa mtu wa kutunza karatasi, hilo hakuna wa kumnyima. Akaigeuza upande wa Bi Tema na kuisukuma kwa kidole.

Mwandiko aliujua kabla hajasoma neno. Ile herufi ya kwanza ya mduara mkubwa, ule mkia mrefu mwishoni. *Sanduku la maoni. Naomba waonjaji tupewe mswaki na dawa, tupige mara tu tunapotema, ili ulimi uwe safi kwa kikombe kinachofuata. Tena itatunza meno yetu.* Chini yake, sahihi yake mwenyewe.

Alikumbuka. Mwaka wake wa kwanza, ladha za ukwaju na pasheni zilikuwa zikimchanganya, akahukumu tangi zima vibaya. Aliona haya wiki nzima. Ndipo akapata wazo, akaliandika, likapita, akapewa cheti mbele ya watu wote. Cheti chenyewe kiko sebuleni, ndani ya fremu, kando ya saa ya ukutani.

"Tulikupigia makofi," Bwana Utaratibu alisema.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wengi hawaingii na mtoto mgongoni. Bi Tema aliirudisha karatasi mezani. Kama hasira yake ingemtoka wakati ule ingekuwa nafuu, lakini haikumtoka. Iligeuka tu, ikamtazama yeye.

"Nilikuwa mjinga," alisema. "Nilikuwa sijui. Wewe sasa unajua, nimekwambia mimi, saa hii, kwa mdomo huu. Kuanzia leo ukiliacha bango pale, wewe si mjinga. Wewe ni mtu mbaya."

"Mama, angalia maneno yako."

"Nimeshayaonja. Ni makali kiasi chake." Akatoka, na mlango hakuufunga polepole.

Chumba cha kuonjea kilikuwa chini kabisa, kidogo, vigae vyeupe mpaka dari, sinki mbili za chuma, meza ndefu yenye vikombe vya karatasi vilivyoandikwa namba. Kilinukia maganda ya ndimu wakati wote, hata siku za mapumziko. Alipofungua mlango, binti yake alikuwa ameinama kwenye sinki, mkono wa kushoto umeshika ukingo, mkono wa kulia unakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa nguvu, kama alivyofundishwa. Povu lilikuwa limemfika kidevuni.

Alikuwa kitinda mimba wake. Kiwandani walishampa jina la Tema Mdogo, naye alilichukia kimoyomoyo, akalivumilia, kwa sababu miezi yake minne ya majaribio ilikuwa inaisha wiki hiyo na hakutaka kuonekana mtu wa kununa.

"Tema!" Bi Tema alipiga kelele. "Acha! Tupa huo mswaki!"

Binti akageuka, macho yamemtoka. "Kuna nini, mama? Nimeruka kikombe?"

Bi Tema alimpokonya mswaki, akautupa kwenye ndoo ya taka. Akachukua na wa kwake akautupa vilevile. Kisha akamwambia. Alianza na daktari, akaja kwenye ganda na nusu saa, na alipofika penye bango alipunguza sauti. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kusema wamelibandika wao, wakubwa, wale wa ghorofani, na binti angeamini, kwani nani asingeamini? Ulimi ulimwasha kusema hivyo.

"Mimi ndiye niliyeliomba," alisema. "Kanuni ni yangu."

Binti alijifuta povu kwa mgongo wa mkono. Halafu akaupitisha ulimi wake juu ya meno ya mbele, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Bi Tema aliona anavyofanya hivyo na akatamani ardhi ipasuke.

"Mwezi wa kwanza," binti alisema, "nilikwambia maji baridi yananikata. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulinijibu nini?"

"Mwanangu, nilikuwa sijui..."

"Sijakuuliza ulijua nini. Nakuuliza ulinijibu nini. Sema."

"Nilisema hupigi vizuri. Nilisema ongeza nguvu."

"Ukanisimamia hapa. Hapa hapa! Ukanishika mkono ukanionyesha. Nikakwambia mama inauma, ukasema kuuma ndiyo kusafika. Ukawaambia na wale wa kupakia chupa kuwa binti yako ni mvivu wa mswaki, wakanicheka wiki mbili!" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka inagonga vigae. "Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia la mkuu. Nimelisikia kila siku, mara nane kwa siku! Na mimi ndiye niliyevunjika!"

Mtu mwingine angelia. Bi Tema hakulia, wala hakujitetea, na kwa mwanamke ambaye hajawahi kushindwa ubishi tangu apate akili, hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kulia. Alipanda juu ya kiti, akapenyeza kucha chini ya pembe ya bango, akavuta. Gundi ilikuwa ya miaka kumi na mmoja, ikang'ang'ania. Akavuta tena, likatoka na kipande cha rangi ya ukuta.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Utaratibu alikuwa ameshuka mwenyewe, jambo la nadra, na nyuma yake dereva wa lori la kwanza alikuwa anachungulia. "Tangi la sita linangoja saini," alisema. Kisha akaona ukuta. "Nani amebandua kanuni?"

"Aliyeitunga," Bi Tema alisema akiwa bado juu ya kiti.

"Shuka. Utaandikiwa barua. Na leo huonji." Akamgeukia binti, na hapo sauti yake ikalainika, ikawa ya mjomba. "Wewe mwenzangu una akili. Wiki hii ndiyo tunaamua nani anabaki. Fuata utaratibu tu: onja, tema, piga mswaki, weka saini. Mambo ya mama yako mwachie mama yako."

Binti alimtazama. Akamtazama na mama yake juu ya kiti, bango mkononi.

Binti akachukua kikombe cha tangi la sita. Akavuta funda dogo, akaliweka juu ya ulimi bila kulizungusha, akatema. Akafungua bomba, akasukutua kwa maji matupu, akatema tena. Maji yalimchoma, ilionekana usoni, lakini alisukutua mara ya pili. Kisha akachukua kalamu.

"Na mswaki?" Bwana Utaratibu alisema.

"Upo kwenye ndoo ile. Ukiupenda sana, piga wewe."

Dereva aliangua kicheko, akajidai anakohoa. Bwana Utaratibu alibadilika rangi. "Bila mswaki, saini hiyo haina thamani."

"Basi usiipokee." Binti akarudisha kalamu mezani, karatasi bado tupu. "Tangi litakaa. Waonjaji ni wawili tu. Mmoja umemfukuza kwenye meza, na wa pili ndio huyu, na huyu kinywani mwake haingizi brashi mpaka usiku. Chagua: saini ya maji matupu, au uonje mwenyewe."

Nje lori lilikuwa linanguruma. Bwana Utaratibu aliangalia saa yake, akaangalia ukuta uliobanduka, akaangalia vikombe vilivyopangwa kwa namba, na mtu aliyekuwa na utaratibu wa kila jambo hakuupata wa jambo hili. "Weka saini," alisema mwishoni, meno yamekutana. "Suala hili litakwenda kwenye kamati."

Binti aliweka saini. Mlango ukafungwa.

Bi Tema alishuka kwenye kiti. Fahari ilimjaa kifuani mpaka akajisahau, akanyoosha mikono. "Mwanangu! Umemtolea uvivu kweli kweli! Hivyo ndivyo..."

"Usinishike."

Mikono ikabaki hewani.

"Sikufanya kwa ajili yako," binti alisema. Sasa hakuwa anapiga kelele, na ilikuwa mbaya zaidi. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa huyo daktari. Mimi na wewe. Utaingia na mimi mpaka ndani, na akiniuliza nani alinifundisha kupiga mswaki vile, mimi nitafunga mdomo. Utajibu wewe."

Kulikuwa na majibu mia. Bi Tema aliyajua yote, na mengine yalikuwa mazuri: kwamba hakukusudia, kwamba na yeye meno yake yamekwisha, kwamba mama ni mama. Aliyatazama moja moja akayaacha.

"Nitajibu," alisema.

Binti alimgeuzia mgongo, akavuta kikombe cha tangi la saba.